Mvua Ipitayo Juu ya Shamba la Salma

Jumatano, 3 Aprili 1946

Nimepanda darini baada ya swala ya alfajiri, kama kila siku. Mbingu nyeupe. Nimepitisha kiganja juu ya ukingo wa dari, kikarudi na vumbi. Zamani, wakati kama huu wa mwaka, kiganja kilirudi kimelowa.

Maji ya birika la nyumba, linalopokea mvua ya darini, yanafika kifundoni. Nimewakataza watu wa nyumbani kuosha ua. Wamenuna. Wanune.

Darasa la nahau, sarufi ya Kiarabu, limekuwa bure. Wanafunzi wanasinzia mbele ya kitabu, nami nimeisoma sentensi moja mara mbili pasipo kujua kwamba nairudia. Jambo la aibu kwa mtu aliyefundisha miaka yote hii. Joto haliondoki hata alfajiri. Kuta zinalihifadhi kama deni.

Kesho unaingia mwongo wa masika. Tunahesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, na kila kumi ni mwongo, na kila mwongo una kazi yake: huu wa kupanda, huu wa upepo kugeuka, huu wa mvua. Marehemu baba aliishika hesabu hii, nami nimeishika. Nimetangaza barazani kwamba mvua itafungua kabla mwongo haujatoka. Bwana Shee, mshona kofia, jirani yangu tangu tulipokuwa tukitahiriwa, amesema bila kuinua macho kwenye sindano:

"Maalim, hata mwaka jana ulituambia hivyo hivyo."

Mwaka jana ilinyesha. Ilichelewa tu.

Umbu langu Salma ameniletea asmini jioni. Chache, ndogo, kingo zake za rangi ya chai. Akaniomba radhi kwazo, kana kwamba ndiye aliyezikausha. Salma ni mjane. Anakaa katika shamba alilotuachia baba, nyuma ya Bondeni, na anaishi kwa maua: asmini za kutunga, vikuba vya mabibi harusi, yaani mafungu ya maua ya kunukia, majani ya rehani na maua ya mkadi. Hajapata kunyoosha mkono kwa mtu, hata kwangu mimi. Amesema Athmani, mwanawe, ana maneno ya kuniambia Ijumaa. Hakutaka kusema ni maneno gani. Nayajua.


Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda shambani baada ya swala ya Ijumaa. Nimechukizwa tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho.

Nilipokuwa kijana, kutoka kwetu Kibokoni hadi kwa Salma ulikuwa unatembea kivulini. Miembe, minazi, mikwaju, na chini yake ardhi nyeusi yenye kunuka unyevu. Leo ni nyumba. Tangu vita watu wamemiminika kutafuta kazi bandarini, na kila mwenye shamba amekata miti akakodisha viwanja. Siwalaumu waliokuja, mtu sharti alale mahali. Nawalaumu wenye mashamba, ambao wengi wao nimewafundisha. Mabati yanang'aa hadi macho yanauma. Shamba letu limebaki katikati kama kiraka cha kijani kwenye nguo nyeupe.

Kisima chake kimeanza kuonja chumvi. Nimeyaonja maji mwenyewe.

Athmani alikuwa akinisubiri, amevaa viatu vya kazini. Ni karani bandarini, ana akili, na ana haraka. Akaanza kunieleza habari za "maploti". Nikamwambia neno ni viwanja. Akasema, "Haya mjomba, viwanja," akaendelea. Fundi Mbwana yuko tayari kusafisha shamba lote na kujenga. Yeye Athmani hawezi kufanya lolote bila kauli yangu, kwa kuwa shamba halijagawanywa na fungu langu katika mirathi ndilo kubwa. Anasema mama yake anazeeka akichota maji ya chumvi kunyweshea maua yanayokufa, na kwamba kodi ya ardhi haingojei mvua.

Nikamwambia kwamba miti ndiyo iliyokuwa ikiivuta mvua, na tangu walipoikata mvua imetukimbia. Akacheka. Si kwa ukosefu wa adabu, lakini alicheka.

"Mjomba, mvua yatoka baharini. Bahari haijakatwa."

Ilikuwa hoja safi. Hilo ndilo lililoniudhi, zaidi ya kicheko chenyewe.

Salma alikuwa amekaa mlangoni, anachambua rehani. Akasema, "Mwanangu yuwataka kunizika ningali hai, chini ya bati." Athmani akasema, "Mama, hapana anayekuzika." Wakaanza kusemeshana kwa sauti. Sipendi sauti. Ili niyakate maneno, nikasema: mwongo huu wa masika ukitoka bila mvua kunyesha katika shamba hili, mna ruhusa yangu. Kateni.

Athmani akanibusu mkono. Salma akainuka, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Anadhani nimemtupa. Sikumtupa. Nimesema vile kwa sababu mvua itanyesha. Mwongo haujapata kusema uongo.


Jumatatu, 8 Aprili

Jua. Vumbi. Hata kunguru wa darini wanatweta. Sina la kuandika.


Jumatano, 10 Aprili

Nimeliona wingu kwa macho yangu, na nitaliandika kama nilivyoliona.

Lilitoka baharini baada ya adhuhuri, jembamba, refu. Likapita juu ya Kibokoni bila kuangusha hata tone. Lilipofika juu ya mabati likaanza kupanda. Likavimba na kunyanyuka kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Likawa jeusi. Nikashukuru Mungu. Nikaita watu wa nyumbani waziweke wazi njia za maji ya dari. Wingu likaendelea na safari yake. Bara, upande wa Changamwe, likafunguka. Niliiona mvua ikining'inia pale kama pazia katika nyumba ya mtu mwingine.

Zamani haikuwa hivi. Mvua ya masika ilikuja kabla ya jua, ya chini, ya polepole. Ilikaa juu ya minazi mpaka ikaamua kushuka. Ilinyesha mtu akiwa bado amelala, naye akiamka anakuta birika linaimba. Sasa mawingu huchelewa hadi alasiri, huja kwa hasira, huchagua pa kunyesha, na hapo yanapopachagua si petu. Nimelijua hili kwa miaka kadhaa bila kulitamka. Nilidhani ni madhambi ya watu. Madhambi yapo, sikatai. Lakini na Changamwe kuna madhambi.

Mji umekuwa kaango. Tone la maji halitulii juu ya kaango lenye moto.

Jioni Athmani akapita barazani, viatu vimelowa matope. Alikuwa ametumwa bara kikazi. "Mjomba, mvua ya huko, wacha!" Bwana Shee akamwambia, "Basi tuletee kidogo katika kofia yako." Baraza zima likacheka. Nikaondoka.


Jumapili, 14 Aprili

Mwongo umetoka jana. Shambani kwa Salma haikunyesha. Mjini haikunyesha.

Hesabu yangu ni sahihi. Nimeirudia. Aliyekosea si mwongo. Mvua ilikuja siku yake, ikatupita. Lakini hilo halinisaidii, kwa kuwa nilisema "katika shamba hili". Nilisema kwa ulimi wangu.

Athmani amekuja asubuhi, ameketi kwa heshima, hakutaja chochote. Kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kudai. Nikamwambia angoje wiki, kwani wazee wa mji wameitana juu ya mvua. Akakubali. Salma hakuja, na asmini hazikuja.

Tumeswali swala ya kuomba mvua alasiri, mbele ya Ngome. Uwanja tuliokuwa tukitumia umejengwa. Tumegeuza majoho nje ndani kama ilivyo sunna. Imamu amelia. Mimi nimelia pia, ila nusu ya machozi yangu ilikuwa ya ghadhabu.

Baada ya swala, wazee wametaka pia azungushwe ng'ombe. Ni ada ya mji huu: ukame ukizidi, ng'ombe huongozwa kuuzunguka mji kwa dua, kisha huchinjwa na nyama yake hupewa maskini. Nimewaambia kwamba sadaka inatosha, na kwamba ng'ombe hana haja ya kutembea kwanza. Wakaniangalia kama mtu aliyetukana mkutano. Wakanikumbusha kwamba marehemu baba ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya ng'ombe, na kwamba hapana mwingine anayeijua njia. Kwa kuchelea fitina, nimekubali.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi halisi. Mji umeishia wapi? Watu wa Bondeni wametaka ng'ombe apite kwao. Wametoa mchango wao. Wengine wakasema Bondeni si mji wa asili. Mmoja akamuuliza mwenzake babu yake alizaliwa wapi. Maneno ya kitoto, kutoka katika midomo yenye mvi. Nikaamua: njia ni ile ya baba, inayofuata pale ulipokuwa ukuta wa zamani. Jambo likifanywa, lifanywe sawasawa au lisifanywe.

Usiku Salma amemtuma jirani yake kwangu. Anaomba ng'ombe apitishwe shambani kwake. Nimejibu kwamba shamba liko nje ya njia.


Alhamisi, 18 Aprili

Sijapata kuona siku kama hii, na ninamwomba Mungu nisiione tena.

Ng'ombe alikuwa mwekundu, mnene, mpole kwa kumtazama. Tumeanza mbele ya Ngome, tukaishika Ndia Kuu, dua mbele na watoto nyuma. Nimetangulia mimi na fimbo ya baba. Tulipita Kibokoni vizuri. Wanawake wametumwagia maji ya waridi kutoka madirishani, japokuwa maji ya kunywa hayapo.

Tulipofika panapokutana njia ya zamani na barabara mpya ya lami, ng'ombe akasimama. Jua lilikuwa kali na lami imelainika, inanata. Ng'ombe akaweka kwato moja, akaiondoa. Akakataa. Tumemvuta. Tumemsukuma. Bwana Shee akamsemeza kwa upole kama mkwe. Mtu mmoja akashauri lami imwagiwe maji, akakimbilia mfereji wa jirani na kurudi na debe. Hapo mwanamke mmoja akafungua dirisha la juu:

"Nyinyi! Sisi twapanga foleni ya maji tangu alfajiri, nanyi mwaosha barabara? Haya ndiyo maombi ya mvua?"

Alikuwa amesema kweli tupu.

Maji yakafuka mvuke. Ng'ombe akashtuka, akakata kamba, akapiga mbio. Si kurudi alikotoka. Alielekea Bondeni.

Wazee wa mji, kanzu zimeinuliwa magotini, tumemkimbiza ng'ombe kati ya nyumba za watu. Bwana Shee amepoteza ndara. Vijana wa Bondeni wamejipanga kando ya njia wanapiga makofi. "Karibuni, wazee wetu! Mlisema hamtuleti!" Mmoja akaniuliza, "Maalim, mji umeishia hapa, au twende mbele?" Ninamjua baba yake. Nitamwambia.

Ng'ombe hakusimama mpaka shambani kwa Salma. Akaingia chini ya minazi, penye kivuli, akala mstari mzima wa asmini, kisha akalala. Hakuinuka tena. Hakuinuka kwa kamba, kwa fimbo, wala kwa dua.

Salma akatoka mlangoni. Akanitazama mimi, na jasho langu, na kanzu iliyopasuka. Akasema:

"Kaka, nilikuomba umpitishe. Sikukuomba umlishe."

Akaingia ndani. Nikamsikia akicheka, na mara ile ile akilia.

Tumemchinja pale pale. Nyama imegawanywa Bondeni na mjini, sawa kwa sawa, kwani hapakuwa na mtu mwenye nguvu za kubishana. Bwana Shee, mguu mmoja peku, akasema, "Ng'ombe ametuonyesha mji ulipoishia, nasi twajidai wasomi."

Mvua hakuna.


Ijumaa, 19 Aprili

Ujinga una miguu. Leo asubuhi tu na tayari mji mzima unasema kwamba shamba la Salma limehifadhiwa, kwamba ng'ombe "alionyeshwa", kwamba atakayekata mti pale atapatwa. Nimekwenda nikakuta bendera nyeupe imefungwa mnazini na ubani unafuka. Nimeing'oa bendera. Mwanamke nisiyemjua amenilaani.

Athmani akanifuata njiani. Watu wa Fundi Mbwana wamegoma. Hawainui shoka pale hata kwa ujira maradufu. Ananiomba niwaeleze. "Mjomba, wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mambo haya si dini."

Ni kweli. Ndivyo nilivyowafundisha.

Kisha Salma. Ukiacha lile neno la jana, hakuwa ameongea nami tangu Ijumaa ile. Amenipa maji ya kunywa, na yalikuwa ya mfereji, si ya kisima, ameyanunua. Akasema polepole, "Kaka, sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze tu."

Nikamwambia nitafikiri.

Nina miaka zaidi ya sitini na sijui la kufanya juu ya ng'ombe.


Jumapili, 21 Aprili

Sikulala. Nimefikiri hivi. Ng'ombe aliungua kwato, akatafuta mahali penye baridi. Penye baridi palibaki mahali pamoja tu katika upande mzima ule. Hilo ndilo jambo lote. Na hilo, kwangu, ni kubwa kuliko muujiza. Mnyama asiyesoma anatambua kwamba tumeuharibu mji, na wanaojua kusoma wanafunga bendera.

Lakini ukiwaambia watu kwamba kivuli ni kitu, hawasikii. Ukiwaambia kwamba kuna jini, wanasikia. Nimechoka nao.


Jumatatu, 22 Aprili

Fundi Mbwana amekuja barazani mwenyewe. Mtu mzima, wa heshima, mcha Mungu. Ameuliza mbele ya wote, bila kuzunguka: "Maalim, nataka kauli yako. Mahali pale pana kitu, au hapana kitu?"

Bwana Shee akainamisha kichwa kwenye kofia yake. Athmani alisimama ukutani. Wote walijua kwamba nikinyamaza, jibu limepatikana.

Nimesema hapana kitu. Nimesema ng'ombe alifuata kivuli. Nikasema pia kwamba kivuli hicho ndicho wanachotaka kukiangusha, na kwamba kikianguka, ardhi ile itawaka kama nyingine, na mawingu yatazidi kuruka juu yetu, na hata hiyo mvua ikija haitapata pa kuingia. Nilisema kwa kirefu. Nilisema vizuri.

Fundi Mbwana akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo ya kivuli ni ya Mungu, Maalim, mimi siyawezi. Nilikuwa nikiogopa lile la kwanza." Akaniaga kwa mikono miwili, akaenda zake. Athmani akamfuata.

Nilimtumia akili, akanisikia nusu. Nusu iliyomfaa.

Bwana Shee ameweka sindano chini. "Wewe," akasema, "hata siku ya mauti yako utamsahihisha Izraili." Safari hii baraza halikucheka.


Jumanne, 23 Aprili

Wameanza upande wa mashariki. Mashoka tangu asubuhi. Nimekwenda kusimama pale, kwa sababu neno ni langu na si haki nijifiche Kibokoni. Mnazi ukianguka hutoa pumzi, kisha ardhi inatikisika nyayoni. Mingine baba aliipanda mimi nikishika mche.

Mlango wa Salma umefungwa. Nimebisha. Nimesema jina langu. Hakufungua.


Ijumaa, 26 Aprili

Upande wa mashariki uko wazi. Wameng'oa hata mizizi ya asmini. Nguzo zimesimamishwa. Fundi anasema wiki ijayo wanaingia magharibi, penye nyumba ya Salma, mikadi na mistari ya maua iliyosalia.

Athmani anasema atamjengea mama yake chumba kizuri chenye sakafu ya saruji. Anasema kwa mapenzi. Hilo ndilo linalonichosha. Kama angekuwa mbaya, ningejua la kumwambia.


Jumatano, 1 Mei

Imenyesha.

Ilikuja alasiri, upepo kwanza, kisha giza, kisha yote kwa mara moja kama mtu aliyepindua pipa. Dari ilifurika. Birika limejaa kabla ya magharibi. Watoto wakatoka uchi kucheza. Nikachukua mwavuli, nikautupa njiani kwa kuwa haukuwa na maana, nikaenda shambani.

Bondeni njia zilikuwa mito. Mabati yote yalikuwa yakitema maji, na maji yote yalikuwa yakienda mbio, hayajui pa kwenda. Watu walikuwa wakiteka maji ndani ya nyumba kwa sufuria. Yule kijana aliyenidhihaki siku ya ng'ombe alikuwa amembeba bibi yake mgongoni. Sikumwambia baba yake lolote.

Shambani nimeona kitu ambacho hakuna haja ya kukisomea. Upande wa mashariki, uliokatwa, hapakubaki udongo mweusi. Umesombwa wote. Nguzo mbili zimelala. Maji mekundu yalikuwa yakitelemka kama barabara, yakafika kwenye miti ya magharibi, na pale yakapungua mwendo. Yakaingia chini. Kati ya mikadi unaweza kuyasikia yakinywewa. Kisima cha Salma kiko upande huo.

Salma alikuwa nje, amelowa, anazuia matope kwa mikono na jembe yasifunike mstari wa asmini. Peke yake. Nikapiga magoti. Tumechimba mfereji mdogo, mimi na yeye. Sijashika udongo tangu ujana.

Athmani akafika, suruali imekunjwa, amefadhaika. Akatazama nguzo, akamtazama mama yake. Nikamwambia pale pale kwenye mvua: magharibi haikatwi.

"Mjomba, uliahidi. Mbele ya mama, na fundi alianza kwa neno lako."

"Niliahidi. Leo ninaivunja ahadi."

"Wewe?"

Neno moja tu, lakini lilikuwa na miaka yote ya darasa langu ndani yake. Nikaendelea kuchimba. Akakaa kidogo, kisha akaenda kuziinua nguzo zake.


Alhamisi, 2 Mei

Sikuapa kwa jina la Mungu, kwa hiyo kaffara, fidia ya kiapo kilichovunjwa, hainilazimu. Nitafunga siku tatu vivyo hivyo. Mtu anayewakosoa watu kwa kila neno hana budi kulipia la kwake.

Mbingu nyeupe tena. Vumbi limerudi juu ya matope, kana kwamba jana haikuwapo.


Jumamosi, 4 Mei

Funga imenikaza. Kichwa kinauma. Fundi Mbwana amekuja kulalamika, ana haki. Nimemsikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza yeye. Nikamwambia upande wa mashariki ni wake kama tulivyopatana, na wa magharibi si wake. Ameondoka bila kunywa kahawa.

Athmani ananiamkia, lakini hanibusu mkono. Barazani wanasema Maalim amezeeka. Huenda. Wengine wamerudi kwenye habari ya ng'ombe: wanasema mimi mwenyewe nimeogopa, kwamba nilitokewa usiku. Nimewaeleza sababu halisi. Nimeieleza mara ya pili. Wameitikia kwa vichwa na kuendelea kuamini la kwao. Basi. Bendera nyeupe imerudishwa mnazini, na safari hii sikuing'oa. Si kwa kuwa nimekubali. Nimechoka kuukwea mnazi.


Jumanne, 14 Mei

Mvua ya pili, fupi, ya upande mmoja. Imenyesha Makupa. Njia yetu haikulowa hata kiasi cha kulowesha mchanga. Mwanafunzi mmoja ameuliza kama hesabu ya miongo bado inafaa kujifunzwa. Nimemwambia ajifunze. Sina hakika kwa nini nimemwambia hivyo.


Jumapili, 19 Mei

Salma ameniita. Kwa maneno machache: njoo baada ya alasiri.

Upande wa mashariki nyumba ya kwanza imekwisha. Bati jipya. Watu wamekwisha kuhamia, familia kutoka bara, na mama wa nyumba ile amenisalimu vizuri. Mtoto wao alikuwa amelala upande wetu, chini ya mkadi, kwa sababu ndani ya nyumba kuna joto. Salma amemruhusu.

Asmini zilizosalia zimetoa maua. Si mengi. Salma alikuwa ameketi juu ya mkeka, anatunga. Akasogea kunipa nafasi. Akanipa ncha ya uzi niishike, na nikaishika. Kisima kingali na chumvi kidogo. Hatukulizungumza hilo, wala habari za Athmani, wala za mwakani.

Wingu likatoka baharini, likapita juu yetu. Baadaye kidogo tukasikia mvua ikianza kupiga mabati ya watu, mbali, upande wa Makupa, kisha kwa nguvu. Tulisikiliza. Kwetu halikuanguka tone. Salma akachukua ua jingine.